Mechi Tatu za Rambirambi

Mashabiki wa mpira wananitia kinyaa, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Kadi ya tawi ninayo, na zile jezi za rangi ya chungwa zinazovaliwa na nusu ya mtaa wetu wa Pasua nimezishona mimi kwa cherehani yangu. Timu yetu ni ndogo, ya ligi ya mkoa, wachezaji wake mafundi pikipiki na wauza mitumba. Lakini ukiwasikia wenye timu wakiijadili, utadhani dunia imeacha shughuli zake zote inasubiri matokeo yetu.

Msimu huu mjadala ulikuwa mmoja tu, kocha aongezewe muda au aondoke. Kocha wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kibosho kule mlimani, mpole. Hapigi kelele pembeni ya uwanja, na kwa baadhi ya watu hilo peke yake ni kosa la kufukuziwa. Upande mmoja ulisema aliikuta timu haina hata mipira ya mazoezi, akaipandisha daraja, na vijana wake wanahitaji msimu mwingine wakomae. Upande wa pili ulisema anang'ang'ania mshambuliaji mmoja mbele na habadilishi kikosi mpaka mambo yaharibike. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, ingawa yule mshambuliaji hata mimi alikuwa ananipandisha presha.

Wiki ya mechi na timu ya Bomang'ombe, mwenyekiti wa tawi letu alimwita kocha dukani kwake, mbele yetu, akamwambia akifungwa hiyo asihangaike kuja mazoezini tena. Mwenyekiti anauza vipuri vya magari na ana sauti ya kuamrisha hata anapokuomba maji ya kunywa. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akaondoka.

Tukafungwa. Tena kwetu, uwanja umejaa. Na kilichowaudhi watu zaidi ya mabao ni simu. Kipindi cha pili chote kocha alikuwa na simu mkononi. Anaitazama, anairudisha mfukoni, dakika mbili anaitoa tena. Timu inachakazwa, kocha anatazama simu. Filimbi ya mwisho ilipolia walimzomea mpaka akapanda bodaboda akapotea. Kesho yake asubuhi tukapata taarifa kwamba mama yake mzazi amefariki.

Kikao cha kumjadili kikaahirishwa kwa heshima ya msiba. Ndivyo ilivyotangazwa kwenye grupu letu. Ukweli ni kwamba kilihamia tu kwenye kosta tuliyokodi ya kwenda kuzika.

Niliwaomba wavae nguo za heshima. Wakaja na jezi. Gari halijamaliza hata kupita mjini, kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu stendi akasema, "Kocha anachati timu inakufa? Huyo tukishazika asepe, tumalizane naye." Wengine wakamjibu kwamba ubingwa hauji kwa kubadilisha makocha kila baada ya mvua. Wakabishana kupandisha mlima kote, na shada la maua limelazwa kwenye kiti cha nyuma kama abiria asiyehusika. Niliwaambia mara mbili wanyamaze, tunaenda kwenye maziko. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kelele.

Tulipofika tulisalimia wazee, shikamoo, marahaba, poleni, na jeneza liliposhushwa nikaenda moja kwa moja jikoni nyuma ya nyumba waliko wanawake wenzangu. Sisi Waislamu wa mjini hatupati tabu kule juu. Wanamwita mtu wa kuchinja kabla hatujafika, na sufuria letu linakaa kando ya lile la wengine. Dada yake kocha alikuwa anakoroga machalari, zile ndizi za nyama, kwenye sufuria kubwa, macho yamemvimba. Nikampokea mwiko akae chini kidogo, na alipokaa akaanza kuongea, jinsi mfiwa anavyoongea na mtu asiyemfahamu vizuri.

"Nilimpigia kuanzia mapumziko," aliniambia. "Mama alikuwa anamtaja yeye tu. Akapokea mara moja, akasema, dada, nikitoka hapa sasa hivi wananifukuza kazi, nisubirieni filimbi ilie. Basi. Mama hakuweza kusubiri."

Nikainua macho nikamwona mwenyekiti wetu amesimama mlangoni mwa jiko na sahani mkononi, alikuja kuulizia sufuria la Waislamu. Alikuwa amesikia yote. Nilimtazama nikiamini kwamba sasa aibu imemkamata, kwamba ataenda kukaa peke yake mahali ainamishe kichwa. Akaweka sahani juu ya ndoo, akageuka, akatoka haraka.

Yule dada hakumwona. Alijifuta macho kwa kanga, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yao hajui. Mzee walimwambia simu haikupatikana, kwamba mtandao ulisumbua siku nzima. Akijua kwamba mwanawe aliitwa na hakuja, alisema, hatamsamehe mpaka naye azikwe.

Nikaacha mwiko, nikatoka kumtafuta mwenyekiti. Nilimkuta ndani ya kihamba, shamba la familia, katikati ya migomba, amezungukwa na tawi zima. Hatua chache kutoka pale jeneza lilikuwa limeshashushwa, mafundi wanamwaga zege juu ya kaburi, na wanawake wa jumuiya ya kanisa wanasali rozari. Na watu wangu walikuwa wanabishana. Mwenyekiti alikuwa amewapelekea habari ya simu, si kama habari ya mama anayekata roho akimwita mwanawe, bali kama hoja mpya. Upande wa kumwongezea muda ulifurahi. Narudia neno hilo, ulifurahi, niliona meno yao. Walisema basi ile mechi isihesabiwe, kocha hakuwa na akili yake pale, mwenye macho anaona. Upande wa pili ukasema kocha wa kweli huzima simu. Yule kijana wa stendi alisema hata yeye ana mama, lakini kazi ni kazi. Mtu mmoja aliuliza, kwa unyofu kabisa, kwa nini basi hakumtoa yule mshambuliaji kabla ya simu kuanza kuita.

Nilimshika mwenyekiti mkono, nikamvuta pembeni, nikamwambia habari ile ni ya jikoni, ya wafiwa, isivuke migomba hii, mzee wa watu hajui. Akanipigapiga begani. "Mama, usiwe na wasiwasi," akasema. "Tunamtetea." Aliporudi akawaambia wanyooshe mikono, wakanyoosha, huku Salamu Maria zinaendelea kusomwa nyuma yao.

Mashada yakawekwa. Letu lilibebwa na watu wawili, mmoja wa kila upande, kwa sababu hawakukubaliana nani awakilishe. Kisha mwongoza ratiba akaanza kuita salamu za rambirambi. Wakaja walimu wenzake, wakasema maneno machache mazuri, wakakaa. Ikaja jumuiya. Kisha akaitwa mwakilishi wa timu, na mwenyekiti wetu akapokea kipaza sauti kama mtu aliyeisubiri siku hiyo maisha yake yote.

Alianza vizuri. Alitoa pole kwa familia, akamtaja marehemu kuwa mama wa timu nzima, mama ambaye hajawahi kumwona. Nikaanza kupumua. Halafu akakohoa kidogo, akasema, "Ndugu wafiwa, sisi kama tawi tulikuwa na malalamiko kuhusu kocha wetu na ile simu. Leo tumejua kwamba alikuwa anaitwa na mama, na hakuondoka uwanjani. Ameonyesha moyo. Kwa hiyo tawi limekaa hapa hapa, na limemwongezea mechi tatu."

Na wakapiga makofi. Mbele ya kaburi ambalo zege lake lilikuwa bado bichi, jezi za chungwa zilipiga makofi, na baadhi ya majirani, kwa adabu tu, wakapiga nao. Nilitamani kuzichana zile jezi mgongoni mwao, moja baada ya nyingine, kwenye mishono niliyoipiga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, koti jeusi, fimbo katikati ya magoti. Alisubiri makofi yaishe. Hakupaza sauti. Alimgeukia mwanawe aliyekuwa amekaa kando yake, akamuuliza, "Kumbe simu ilikuwa inaita?"

"Ilikuwa inaita, baba."

Mzee akatutazama sisi, safari hii kwa makini, kutoka mwisho mmoja wa benchi hadi mwingine. "Na ni hawa uliobaki nao?"

Kocha akasema ndiyo, ni hawa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuza kiti chake kidogo, upande wa kaburi, na hakumgeukia tena mwanawe mpaka tunaondoka. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika kipaza sauti, anatabasamu. Nina hakika hakuelewa kilichopita pale.

Kisha wakala. Nalikumbuka hilo kuliko mengine, jinsi walivyokula. Walipanga foleni ya kwanza, wakarudi ya pili, wale wanaokunywa wakamaliza jagi la mbege, pombe ya ndizi, na kuulizia jingine, na midomo imejaa nyama walikuwa wanapanga nani aanze Jumamosi. Mimi sikugusa sahani. Tulipoteremka waliimba nyimbo za timu njia nzima, kwa sababu kwa mara ya kwanza msimu ule tawi lilikuwa na kauli moja. Walijisikia wametenda utu.

Siku iliyofuata dada yake kocha alinipigia simu. Hakunilaumu, ingawa ningeona ni haki yake. Aliniambia tu kwamba wageni walipokwisha kutawanyika, mzee alimwambia kocha achukue begi lake ashuke mjini, asilale pale, asikae matanga, na siku ya kumaliza msiba asionekane. Mama aliomba mtu mmoja tu, mzee alisema, na mtu huyo alikuwa na watu wake.

Jioni hiyo nilikuwa napeleka suruali za mteja, nikapita uwanjani. Kocha alikuwa peke yake katikati, amefunga kitambaa cheusi mkononi, anapanga koni za mazoezi. Alikuwa anazipanga, anazitazama, anazipanga upya, na wachezaji walikuwa hawajafika. Mwenyekiti na wenzake walikuwa wamekaa pembeni kwenye matofali, wanamtazama kwa furaha.

"Unaona, mama?" mwenyekiti aliniambia. "Jana tumezika, leo yuko kazini. Mechi tatu ni chache. Huyu apewe msimu mzima."

Nikamwambia kwamba kocha hayuko pale kwa sababu ya moyo. Nikamweleza neno kwa neno, kwamba baba yake amemfukuza matangani, kwamba amemkatalia hata siku ya kumaliza msiba, na kwamba ni yeye mwenyekiti, kwa mdomo wake mwenyewe na kwa kipaza sauti, aliyemfikisha hapo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikunja uso, akatazama chini kwa muda, na kwa mara ya pili nikadhani nimeiona aibu. Halafu akainua kichwa.

"Kwa hiyo," akaniuliza, "wiki ijayo ataweza kusafiri na timu?"

Nilitema mate chini, mbele ya viatu vyake, nikabeba suruali za watu nikaenda zangu.