Marufuku Si Mtu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wewe ukiwa mgongoni hujaota hata jino, jumbe wetu hapa Kinole aliniita nisome tangazo la Wadachi barazani kwake. Mvi sina, lakini kosa la siku ile lilinizeesha, basi nisikilize.

Misheni walinifundisha kusoma, na kuringa nikajifunza mwenyewe. Nikasoma mara moja, mbiombio, kwa Kiswahili cha darasani: "Marufuku kuchoma mashamba kando ya msitu." Wazee wakatikisa vichwa kuitikia. Nikajiendea zangu kuchuma mboga.

Kumbe Kiswahili cha wazee wetu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Neno marufuku hawakuwahi kulisikia. Mjomba wangu, aliyenilea, alielewa kwamba Marufuku ni askari mpya, na kwamba anakuja kuchoma mashamba. Akawaza: huyo mgeni ataniunguzia na migomba, bora niwahi mwenyewe. Kesho yake asubuhi akawasha moto. Kabla ya jua la utosi askari wa jumbe walikuwa wamemfunga kamba, anangoja hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Wadachi. Kwa umri ule, asingenyanyuka.

Nilipanda kwa jumbe nimefura. Njia nzima nawatukana wazee kimoyomoyo: vichwa walitikisia nini? Nilipofika, mjomba, mikono imefungwa nyuma, akanieleza alivyomwelewa huyo Marufuku, kisha akaniambia taratibu:

"Mpwa wangu, ulisoma. Hukutangaza."

Hasira yote ikanigeukia mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamwamkia jumbe, nikamwambia kosa ni langu, mzee alidhani Marufuku ni mtu. Jumbe alicheka mpaka akashika nguzo. Akamfungua, kwa sharti kwamba nipite kila kilima na baragumu, nilieleze tangazo lile kwa Kiluguru, na kila nyumba inirudishie kwa maneno yake yenyewe. Siku tatu, mwanangu, nawe mgongoni ukilia kulishinda baragumu.

Ndiyo maana mjomba anakuita Marufuku hadi leo, na akikuona unakuja huuliza kama shamba lake litapona.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ndiyo, lakini aliyesikia mbiu hajasikia jambo. Kutangaza si kupaza sauti, ni kulifikisha neno likakae kwa mtu. Kutikisa kichwa ni adabu tu. Ukipewa neno la watu, usiondoke mpaka bibi wa nyumba ya mwisho amekurudishia.

Mungu akupe kinywa kinachofika, na sikio lisiloona haya kuuliza. Na jina lako liendelee kuwachekesha watu, lisimfunge kamba mtu tena.