Waliandika Gofu, Mama Yumo Ndani

Shida yangu ilianza mwaka 1969, nina miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa fundi vitanda Keko, mtu wa Kilwa, na homa ilimchukua kabla hata hatujajua kuwa ni homa ya kuchukua mtu. Hiyo tuseme ni kazi ya Mungu, sibishani naye. Yaliyofuata yalikuwa kazi ya watu wenye kalamu, na ya watu wenye midomo walioifunga. Hao ndio nitakaowasema. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo asiyetaka maneno makavu aishie hapa.

Nyumba yetu Temeke ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama za mtaa mzima: vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono ule, ukumbi katikati, uani nyuma. Baba aliisimamisha mwenyewe, kwa nguzo za mikoko, fito na udongo. Vyumba vya mbele alipangisha vijana wa viwanda vya Chang'ombe. Sisi tulikaa nyuma: baba, mama na mimi. Wadogo zangu wawili walikuwa kwa bibi, Kilwa.

Kwa asiyejua, kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Siku hizi nawaona wanakaa eda na simu mkononi, wanauza vitenge humo humo chumbani. Mama yangu hakuwa wa hivyo. Yeye hata sauti yake hakutaka mwanaume wa nje aisikie. Wapangaji wakaombwa wahame, maana ni wanaume. Mlango wa mbele ukatiwa komeo, madirisha ya barazani yakafungwa. Mie nilikuwa naamka alfajiri kukaanga vitumbua, natokea uani, nakwenda kuviuza kwenye mageti ya viwanda. Aliyebaki na mama mara kwa mara ni somo yake, bibi mmoja jirani aliyemfunda tangu usichana. Naye aliingilia uani. Kwa hiyo ukisimama mbele ya nyumba yetu mchana uliona majani yameota barazani na makuti yameanza kukatika. Nyumba kimya. Lakini mtaa mzima ulijua kwa nini iko kimya, maana mtaa mzima ulikuja msibani na kula pilau ya hitima.

Sasa, mwisho wa mtaa kulikuwa na jumba la mawe. Wengine walisema lilijengwa na Wajerumani, wengine wakasema ni la Mhindi mmoja wa zamani aliyekuwa akinunua mbata. Hakuna aliyejua kwa hakika. Paa lilishatoboka, ndani mna popo na mbuzi wa watu. Siku moja watu wa ofisi walikuja na Landrova, wakalizunguka, wakapiga picha, kisha ukaitishwa mkutano. Tukaambiwa jumba lile ni historia ya taifa, sasa tuko huru na historia ni yetu, litawekewa uzio na mlinzi. Na ili lionekane vizuri, magofu yote yanayolikaribia yataondolewa. Nyumba zenye watu zitaachwa. Watu wakapiga makofi. Hata mie nilipiga. Nilijua gofu ni lile lile jumba, nikadhani wanatania.

Mkaguzi alikuja asubuhi moja, mie niko Chang'ombe na beseni langu. Aliongozana na mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, mlango kwa mlango. Yaliyotokea niliyasikia jioni kwa mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango gizani, anasikia kila neno.

Mkaguzi alipiga hodi. Kimya. Akapiga tena, na tena. Mama hakuitika, na ndivyo alivyofundishwa.

"Mwenye nyumba hii nani?" mkaguzi akauliza.

"Alikufa," mjumbe akajibu.

"Na watu wake wako wapi?"

Mjumbe akasema, "Sijui."

Sijui! Mtu aliyebeba jeneza la baba. Mkaguzi akaandika gofu, akapaka alama ya rangi nyekundu mlangoni, wakaenda zao nyumba ya pili.

Nilimfuata jioni ile ile. Nilimkuta barazani kwake anakula mhogo.

"Shikamoo, Mzee Mjumbe."

"Marahaba, binti. Mama anaendeleaje na eda?"

Jamani! Kwa kinywa chake mwenyewe, na mhogo umo.

"Anaendelea. Leo amekusikia mlangoni."

Taya zikasimama. "Amesikia nini?"

"Umeulizwa watu wako wapi, umesema hujui."

"We mtoto, mambo ya serikali huyajui. Mtu kaja na karatasi zake. Ningemwambia yumo, angesema mwite. Nimwite mwanamke wa eda? Nimemsitiri mama yako."

"Umemsitiri kwa kumfanya gofu?"

Mkewe akapaza sauti kutoka ndani, "Mwambie kweli! Mwambie uliogopa suruali ya yule kijana!"

"Nawe nyamaza humo!" Akanigeukia. "Nenda ofisini ukaeleze. Wataelewa. Ni watu wasomi."

Nikaenda. Mkaguzi mwenyewe alikuwa kijana, shati jeupe, viatu vinang'aa. Hakuwa mkali, na hilo ndilo liliniumiza zaidi, kwa sababu mtu mkali unamjibu.

"Nyumba ile haina mtu, dada. Nimepiga hodi mwenyewe."

"Mama yangu yumo. Yuko eda."

"Sawa. Atoke asimame mlangoni, nimwone kwa macho, nibadilishe."

"Akitoka kukuona wewe, eda imekwenda wapi?"

"Sasa nitaandika nini? Hapa ninaandika ina watu au haina watu. Pa kuandika eda hamna." Akacheka, akawatazama wenzake. "Nyie watu wa pwani mna mambo!"

Meza ya pembeni alikaa karani wa makamo, kofia ya kiua kichwani, mtu wa kwetu kabisa. Anajua eda ni nini kama anavyojua jina la mama yake. Nikamtazama. Akainama kuchonga penseli.

Nikarudi nyumbani nikawaeleza. Somo akasema hakuna tabu. "Dharura imeruhusiwa, mwanangu. Jitande, simama mlangoni akuone, rudi ndani. Mungu si mkaguzi."

Mama akatikisa kichwa. "Sitoki."

"Watabomoa!"

"Wabomoe. Mume wangu alinijengea nyumba, mie sikuwahi kumpa kitu. Miezi hii ndiyo ninayompa. Sitaikata kwa sababu mtu mzima kasema hanijui."

Nilimkasirikia. Nilimwambia, "Na mie je? Nitalala wapi?" Akaniambia niende nikaoshe beseni. Hadi leo, mie bibi wa wajukuu, hasira ile sijaimaliza. Lakini hasira kubwa haimwendei yeye.

Walikuja na lori, vibarua kadhaa na nyapara wao, mkaguzi mbele. Mie siku hiyo sikwenda kuuza. Nilisimama mlangoni nimetanua mikono, nikapiga kelele, "Mama yumo! Mama yumo!" Kibarua mmoja akaninyanyua kama gunia la mkaa, akanitua ng'ambo ya njia. Mkaguzi akasema watoto huwa wanasema hivyo, wamezoea kuchezea humo. Mjumbe alikuwepo, mikono mgongoni. Nilimlilia, "Mzee, waambie!" Akatazama lori.

Wakapiga mitaimbo. Ukuta wa udongo hauchukui muda. Vyumba viwili vya mbele vikashuka, ukumbi ukafuata, vumbi likapanda hadi hatukuonana. Wakawa wanahamia vyumba vya nyuma. Hapo ndipo kikasikika kikohozi.

Mama hakusema neno. Vumbi lilimwingia kifuani, akakohoa.

Nyapara akainua mkono. Alikuwa mtu mzima, Mrufiji kwa lafudhi yake. "Bwana mkubwa, humo mna mtu."

"Hamna. Imeandikwa."

"Imeandikwa, lakini inakohoa."

Somo akatokea uani na wanawake wa mtaa nyuma yake, kanga zimefumbatwa mikononi. Wakazitanda kuziba palipokuwa na ukuta, ukingo kwa ukingo, mama asionekane. Somo akafoka, "Mna mwanamke wa eda humu, wana haramu nyie! Mmekuja kumfukua?"

Nyapara akamgeukia mjumbe. "Mzee, humo mna nani?"

Mjumbe akameza mate. "Mke wa marehemu. Yuko eda."

"Na wewe umesimama hapa tangu tumefika?"

Nyapara akatupa mtaimbo wake chini. "Mie simo." Vibarua wakamfuata mmoja mmoja, hata wale wasio Waislamu. Mkaguzi akawaka, akatishia kuwakata mshahara, hakuna aliyeinama kuokota kitu. Mwishoni akasema basi, nusu iliyotoka inatosha, jumba litaonekana.

Nusu inatosha! Hakuomba radhi. Hakuandika upya. Alisema tu kuwa eneo letu sasa limo ndani ya mpaka wa historia, kwa hiyo tusijenge tena mbele. Na kabla hawajaondoka wakapakia nguzo za baba kwenye lori. Wiki ile ile nilizikuta zimesimikwa kuzunguka jumba la mawe, zimefungwa seng'enge. Mikoko aliyoibeba baba yangu begani ikawa uzio wa nyumba ya popo.

Mama alimalizia eda yake nyuma ya mikeka na kitanda kilichosimamishwa wima. Masika ilitukuta hivyo. Usiku mbwa waliingia hadi miguuni petu. Wanawake wa mtaa walituletea uji, mke wa mjumbe alileta wa kwake na mama akaunywa. Alisema uji hauna kosa.

Siku aliyotoka eda, somo alimwogesha, akamvika nguo safi, akamtoa nje. Mtu mwingine angekwenda kwa ndugu zake. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye jumba, akatembea kando ya uzio, anashika nguzo moja baada ya nyingine. Kisha akarudi akasema, "Zote zipo."

Kesho yake nikachukua jembe. Mchana kweupe, jua la saa sita. Mlinzi wa jumba alikuwa amekaa kivulini anakula ubwabwa.

"Unafanya nini, binti?"

"Nachukua nguzo za baba yangu."

Akatafuna. "Hiyo ya pembeni imekaa sana, itikise kwanza," akasema, akageuza mgongo.

Ilinichukua muda, maana nilikuwa na mikono ya mtoto. Lakini nilizing'oa zote, na mama akazipokea. Ukumbi tuliusimamisha sisi wenyewe kabla ya masika nyingine, udongo tuliukanyaga kwa miguu yetu, mpaka wa historia ukiwa hapo hapo chini yake. Nilingoja waje. Nilikuwa na maneno tayari, na panga pia. Hawakuja. Sikuwahi tena kuuona mguu wa mtu wa ofisi katika mtaa ule. Mkaguzi nilisikia kahamishwa, ofisi yenyewe ikapangwa upya. Hakuna mgeni aliyekuja kutazama jumba, hata mmoja. Watu walianza kung'oa mawe yake kujengea misingi ya vyoo, na mvua moja ikamaliza kilichobaki. Waliibomoa nyumba yenye mtu ili watu waone nyumba isiyo na mtu, halafu hiyo nayo wakaisahau. Mtu anieleze. Nimesubiri maelezo maisha yangu yote.

Mjumbe aliishi sana. Alipokufa nilikwenda, nikakaa na wanawake, nikala pilau. Sikulia.

Majuzi niliitwa kwenye kikao cha kata. Vijana wazuri, heshima zao, shikamoo bibi nyingi. Wanataka kuhifadhi sehemu za kale za Temeke, na nyumba zilizotelekezwa zishughulikiwe. Wakatuuliza wazee kuhusu jumba la mawe: lilikuwa na madirisha mangapi, milango ilielekea wapi. Nikasimama nikawaeleza habari za ukuta wetu. Kijana anayeandika akaacha kuandika.

"Bibi, hiyo nayo ni muhimu sana," akasema, "ila leo mada yetu ni majengo."

"Na hiyo ilikuwa nini, ng'ombe?"

Watu wakacheka. Mie sikucheka. Nikamwambia kabla hajaandika nyumba ya mtu kuwa imetelekezwa, azunguke uani, aulize wanawake, na akiambiwa "sijui" na jirani anayetazamana na mlango, amwulize tena. Akasema asante bibi, wakaniletea soda. Sikuona akiandika.

Vitumbua vikazaa mgahawa wa mabati getini Chang'ombe, mgahawa ukazaa vyumba vya kupangisha. Sikuolewa na tajiri, wala sikuachiwa kitu na mtu zaidi ya nilichokisema. Mama alikufa mzee, kitandani pake, katika nyumba ile ile.

Leo nina nyumba ya matofali Temeke, vyumba sita, umeme na maji. Nina nyumba nyingine Mbagala, wapangaji wanne. Nina fremu mbili za duka, moja nauza vyakula, nyingine imekodishwa na kinyozi. Nina mashine ya kusaga, mbovu kwa sasa. Nina kiwanja cha mama na nyumba yake juu yake, hati iko kwa jina langu, bati jipya, udongo ule ule. Haiuzwi. Mjukuu wangu wa kike analala humo, na nimemwambia mlango wa mbele uwe wazi mchana kutwa.