Nilifunika compound yote na cabro hapa Nakuru, na jirani wa chini ndiye aliumia

Wakuu, habari zenu.

Hii story nimeiandika nikafuta mara tatu. Leo naiacha ikae. Ni ya kweli yote, hata sehemu zenye zinanionyesha vibaya, na hizo ndizo nyingi.

Naishi Nakuru, estate moja iko kwa mteremko. Wenye wanajua huku wanajua udongo wetu ni kama jivu. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikikuja ni uji. Na kuna mahali chini iko tupu kabisa, ndio maana unasikia barabara imepasuka mahali jana ulipita.

Mzee wangu alipata stroke, nikamtoa shamba akuje tukae na yeye. Anatembea na walker, pole pole.

Siku moja akateleza hapo tu mbele ya mlango. Alilala kwa matope karibu saa nzima kabla mke wangu arudi kutoka soko. Mimi nilifika nikamkuta ameshaoshwa, amekaa kwa kiti, hataki kuniangalia usoni.

Mtu amekulea, halafu anakuonea aibu. Hiyo kitu ilinikaa.

Nikaamua ni cabro, yale matofali ya kutandika chini, ukuta mpaka ukuta. Fundi aliniuliza kama tutaacha mahali pa nyasi. Nikamwambia hapana. Maua ya mke wangu yakang'olewa. Hata mtaro wa nje ya gate tukafunika ndio gari iingie vizuri.

Kazi ikiwa inaisha, akapita officer wa kaunti, mama mmoja mpole na file yake. Akanieleza kwamba sheria ya city haikubali ufunike mbele ya nyumba yote, lazima uache udongo wa kunywa maji. Na mtaro wa barabara haufunikwi bila kibali. Akaniandikia notice nirekebishe.

Niliikunja nikaweka kwa drawer. Nikajiambia hawa watu wanatafuta tu kazi ya kufanya.

Sasa, nyumba ya chini yangu ilikuwa ya Mama Kiprono, mjane wa miaka sabini na kitu, tumeishi na yeye vizuri sana. Jioni hiyo akaja, akasimama kwa gate.

"Baba Wambui, imetokea smart. Lakini maji itaenda wapi?"

"Itapata njia, Mama."

"Njia ni kwangu. Mimi ndio niko chini."

Nikaudhika. "Mama, nimefanya hii juu ya mzee. Ama unataka aanguke tena?"

"Hapana. Sitaki aanguke." Akaenda.

Wakuu, nilitumia ugonjwa wa baba yangu kufunga mama wa watu mdomo. Hiyo siku sikuona hivyo. Niliona nimeshinda.

Mvua ilipoanza nilisimama kwa mlango nikaangalia maji ikiteleza juu ya cabro, hakuna tone inabaki. Nilifurahi. Ilikuwa inapita chini ya fence yote, inaingia kwake.

Wiki ya pili, asubuhi saa nne hivi, Mama Kiprono alitoka kuchuma sukuma wiki hapo mbele ya nyumba yake. Ardhi ikafunguka. Shimo la kumeza mtu mzima.

Mzee wangu ndiye alisikia nduru, akaniita. Tulimtoa Mama ndani ya shimo na ngazi, mimi na majirani wawili. Alikuwa mweupe na udongo, hata kope. Hakulia. Alinishika tu mkono mpaka gari ikaja.

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitali, watoto wake Kiprono na Chebet waliniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Si mnajua huu udongo wa Nakuru." Wakanishukuru kwa kumsaidia. Wakanishukuru!

Nilirudi nyumbani nikaanza kung'oa cabro na mikono yangu. Mzee alikuwa kwa veranda.

"Huyo mama alikuwa amekuambia?"

"Ndio."

"Na ukamwambia ni juu yangu?"

Nikainama nikang'oa tofali lingine.

"Usinitumie tena," akasema, akaingia ndani.

Chebet alimchukua mama yake wakaenda kukaa Ndabibi, kwenye analima. Ilinichukua miezi miwili kupata nguvu ya kwenda. Nilimpata amekaa nje, blanketi kwa miguu, watoto wote wako. Nikaanza kuomba msamaha. Akaniinulia mkono.

"Pole yako nimesikia. Hawa wanasema nilianguka juu nimezeeka, sioni penye nakanyaga. Waambie vile ilikuwa."

Nikawaambia. Cabro, mtaro, notice, na kwamba alikuja kwangu mvua haijanyesha. Nikawaambia na vile nilimjibu.

Chebet akasema, "Mum, hukutuambia ulienda kwake."

"Niliwaambia nikiwa kwa kitanda. Mkasema ni dawa inaniongelesha."

Kiprono aliinama akamrekebishia mama yake blanketi. Hakunitukana, na nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Mama aliniambia nisiende kabla nikunywe chai. Nilikunywa, lakini hatukuongea mengi.

Hajarudi Nakuru. Mteremko umemshinda. Nyumba yake sasa iko na wapangaji.

Mbele ya kwangu niliacha njia moja ya mzee, upana wa walker na mtu wa kumshika. Kwingine ni nyasi, na mtaro uko wazi. Officer alikuja akaangalia, akatia sahihi, akaenda zake.

Chenye nimejifunza ni kwamba ile sheria haikuandikwa kunisumbua. Iliandikwa juu ya mtu mwenye anaishi chini yangu. Mimi nilihesabu watu wa ndani ya fence yangu pekee.

Kama ushawahi kukosea jirani namna hii na mkarudi kuongea kama zamani, niambie mlifanyaje. Na mwenye anataka kunikemea, aandike tu. Nitasoma zote.