Nilichosema Usingizini

Gego langu la mwisho, upande wa kushoto chini, lilikuwa limelala ubavu ndani ya mfupa. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa kule Bukavu tunaliita jino la hekima. Hekima gani, sijui. Lilinivimbisha shavu mpaka wateja wangu wa cherehani pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wakaanza kuniuliza nani kanipiga, na mimi wala sina mume.

Zahanati ya kambini walijaribu kuling'oa kwa sindano ya ganzi. Nilimpiga teke tabibu, kisha nikazimia. Kanisa letu likachanga, nikaenda kwa daktari wa meno mjini Lilongwe. Alipiga picha ya taya akatikisa kichwa. Alisema itabidi akate mfupa, na kwa kuwa mimi ni mwoga, atanipa dawa ya usingizi kupitia mshipa wa mkono.

Nesi wake, mama mmoja mpole, alinieleza kwa Chichewa cha wenyeji, polepole, ili nimwelewe. Nisile kitu asubuhi. Sitalala fofofo: nikiambiwa fungua mdomo nitafungua, ila baadaye sitakumbuka chochote. Siku hiyo nisiwashe moto wala nisiguse cherehani. Na lazima nije na mtu mzima, akae nami chumba cha kupumzikia mpaka akili inirudie.

"Na usishangae wakikuambia uliongea," akasema. "Watu wengi wanaongea. Wengine wanalia, wengine wanaita watu wao."

Alicheka alipokuwa akisema hivyo. Mimi jasho lilinitoka, nikasahau hata maumivu ya jino.

Ni hivi. Tulipokimbia vita, mama alitangulia na wadogo wangu kwa njia ya ziwa. Mimi nilibaki nyuma na kaka yangu aliyekuwa anamalizia sekondari, tuwafuate. Wakati wa kuagana mama alinifunga kiunoni kitenge chake cha njano chenye picha za kuku, alichokuwa anakipenda kuliko nguo zote. Njiani kaka akashikwa na kuhara. Ilikuwa kuhara tu, siyo risasi. Alikauka mikononi mwangu kando ya barabara, watu wanatupita na magodoro vichwani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuchimba kaburi. Nilimfunika kwa kile kitenge, nikaweka mawe kwenye pembe zake, nikaenda.

Nilipomkuta mama Dzaleka alikuwa mgonjwa, hata uji ulikuwa haushuki. Aliuliza, "Na kaka yako?" Nikajibu kwamba tulipotezana kwenye msongamano wa watu. Nilijiambia nitasema kweli akipona. Akapona, akawa na matumaini, nami nikashindwa pa kuanzia. Kitenge nilisema nilikibadilisha na unga. Hicho hakunisamehe. Miaka yote, tukigombana hata kwa chumvi, alikuwa anakirudia. "Kitenge yangu ya kuku! Ulikulaka unga ya namna gani, weye?"

Na kila lori la wakimbizi wapya lilipofika kutoka mpakani Karonga, mama alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda kusimama pale wanaposhushwa. Wengi wetu tulifanya hivyo, kutafuta sura. Wengine walichoka, wakaacha. Mama hakukosa lori hata moja. Alirudi akavua viatu, akavifuta vumbi kwa kanga, akavirudisha chini ya kitanda. Siku hizo nilikuwa nashona kwa hasira, napinda pindo na kulifumua.

Basi unaelewa kwa nini nilitafuta mtu wa kunisindikiza kwa hesabu zangu mwenyewe. Kiswahili naongea mchana kutwa, lakini naota kwa Mashi, lugha ya kwetu. Nilimwomba jirani yetu Mnyarwanda, muuza mandazi, ambaye hajui neno la Mashi. Nikasema kimoyomoyo, hata nikibwabwaja, yatamwingia sikio hili yatoke lile. Akakubali.

Asubuhi ya safari akatuma salamu kwamba mtoto wake ana homa kali. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni amevaa viatu vya kanisani.

"Mama, kaa. Nitaenda mi peke."

"Peke? Banakukata mufupa, unaenda peke? Mi njo nilikuzala, mi njo nitaenda."

Ningesema nini? Nilifikiria kuahirisha, lakini usaha ulikuwa umeanza kutoka na daktari alikuwa ameonya kwamba unaweza kuingia kwenye damu. Tukapanda kabaza mbili hadi barabara kuu. Nikiwa juu ya ile baiskeli nilisali sala ya kipumbavu kabisa, kwamba Mungu anifunge mdomo siku ile niliyokuwa naenda kufunguliwa.

Mama aliachwa nje kwenye benchi. Nesi alinichoma nyuma ya kiganja. Baridi ikanipanda mkononi hadi begani, na kwa mara ya kwanza tangu tulipokimbia nikaona hakuna kitu kinachonihusu. Hilo hawakunieleza, kwamba hofu inaondoka kabla ya fahamu. Nilitazama taa, nikajua nina siri, na siri yenyewe ikaonekana kitu kidogo tu, kama kifungo kilichodondoka chini ya meza. Nilisikia mfupa ukivunjika mbali, kama muhogo mkavu. Hapo ndipo kumbukumbu inapokatika.

Inaanza tena kitandani kwetu Dzaleka, jioni, pamba mdomoni na ladha ya chuma. Kurudi kwetu sikumbuki hata kidogo. Mama alikuwa ameketi karibu yangu na kikombe cha uji uliopoa.

"Niliongea?" niliuliza, maneno yakitoka yamepinda.

"Uliongeaka," akasema. "Kunywa."

"Nilisema nini?"

"Batu ba dawa banasema bintu mingi. Kunywa, uji inabarida."

Nilimtazama usoni sikuona kitu. Siku zilizofuata alipika, alisali, aligombana na wauza mkaa kama kawaida. Nikaanza kuamini kwamba niliongea upuuzi. Uvimbe ukapungua. Nikarudi kwenye cherehani, nikaenda hata sokoni Tsoka kununua nyuzi, nikarudi naimba.

Kisha lori likafika. Tulisikia honi, tukasikia watu wakikimbia njiani. Mama alikuwa kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Nilingoja ainuke. Nilimwona akitoa jiwe, akalitupa, akatoa lingine.

"Mama, lori imefika."

"Nimeisikia."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, nilikuwa naviona kutoka pale nilipokaa. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedeli lakini haukusogea. Nje kelele ziliongezeka, watu wakiita majina, mwanamke mmoja akipiga vigelegele kwa sababu amempata mtu wake. Mama aliinamisha kichwa mpaka vigelegele vikaisha.

"Ile kitenge yangu," akasema, macho kwenye maharage. "Ilimutosha? Yeye alikuwa murefu."

Nilijaribu kumdanganya. Mungu ni shahidi, nilijaribu.

"Miguu ilibakia inje, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Akaendelea kuchambua, na baada ya muda akaniita nisogee nimsaidie, kwa sababu machozi yalikuwa yanamzuia kuona mawe.