Treni ya Makopo kule Musonoi

Watu huniuliza ninakumbuka nini zaidi ya Kolwezi, wakingoja nitaje machimbo au bwawa la Nzilo. Mi nakumbuka makopo ya sardini.

Mume wangu alikuwa fundi wa mavagoni kwenye karakana ya reli. Mishahara iliposimama akawa anarudi kabla ya saa sita, mikono haina kazi, basi akaanza kujenga reli yetu wenyewe nyuma ya nyumba, mtaani kwetu Musonoi. Upana wake vidole vitatu. Reli zilikuwa waya wa shaba, magurudumu vizibo vya bia vilivyopigwa nyundo. Kopo la sardini likawa vagoni la mawe ya madini, mukebe wa tomati uliolazwa ukawa vagoni la mafuta. Nilimwambia mwanamume mzima anacheza, na majani ya sombe hayajitwangi yenyewe. Akanipa nyundo.

Nikajifunza. Nilisoma ushonaji sekondari, vidole vyangu vinajua kupima. Yeye alilehemu kwa chuma kilichopashwa moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mi nilikata bati kwa mkasi wangu wa kushonea. Niliuharibu na sijutii. Mavagoni yake ya kwanza, kuyamwaga ilikuwa lazima uyapindue. Nikasema hapana, ya kweli yanafunguka chini. Nikachukua pini ya nepi ya mutoto wetu, nikaifanya bawaba. Ukivuta, sakafu inaanguka, vijiwe vya kijani vinamwagika. Siku ile mume wangu alikaa chini akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Tukabadilisha yote tisa. Jirani wetu alikuwa akija kusukuma treni pamoja nasi, anamtania mume wangu kwamba mke ndiye shefu, mkubwa wa karakana.

Kisha waliojiita wenyeji wakaanza kutuita bilulu, wadudu. Mi nilizaliwa Kolwezi, mama yangu pia. Lakini babu alitoka Kasai, jimbo jingine, na hiyo ilitosha.

Asubuhi moja vijana walikuja kutuambia tuwe tumetoka mjini kabla ya jua kuzama. Nikiwa nafunga mizigo, jirani akaingia. Hakunitazama usoni. Alisema na mume wangu.

"Tata, kama munaenda, mutuachie ile treni. Batoto batacheza nayo."

Nikashika mchi. Nilitaka kuyaponda mavagoni yote tisa, na ningeyaponda. Mume wangu akasimama katikati.

"Bakitaka kubomoa, babomoe bao benyewe. Siye hapana."

Halafu akachuchumaa, akaanza kumwonyesha jirani namna ya kupaka mafuta ya mawese kwenye ekseli za magurudumu, namna ya kuvuta pini bila kuipinda, polepole, kama fundi aliyepokea mwanafunzi mpya. Nje vijana wanapiga geti. Niliwachukia wote wawili, mume wangu na jirani, sawasawa. Jirani akayapanga mavagoni ndani ya beseni lililokuwa karibu, akalinyanyua kwenda.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Beseni ni ya kuosheya mutoto. Rudisha."

Akasimama. Akayatoa moja moja, akayaweka ndani ya shati lake alilolishika kama mwanamke aliyekinga mahindi. Moja likaanguka kwenye sementi. Hakuna aliyeinama, si mi, si yeye, na mume wangu alikuwa ameshageukia ukutani.

Nikatia ndani ya beseni nepi, sufuria na chumvi, nikajitwika, mutoto mgongoni, tukaelekea stesheni.