Hadithi Niliyoinunua kwa Shilingi ya Idi

Enzi zetu pale Mtoni hadithi haikutolewa bure. Baada ya Alasiri bibi yetu, mama yake baba, alitandika jamvi uani, akamwaga miyaa, majani ya kusukia yaliyotiwa rangi, nasi wajukuu tukamzunguka kusuka ukili, ile mishipi ya kushonea mikeka yake ya kuuza. Vidole vikienda, hadithi inakwenda. Mikono ikisimama, naye kimya, anatafuna tambuu kana kwamba hatupo. Hata leo nikisikia harufu ya ukindu uliolowekwa, ni kama namsikia yeye.

Hadithi moja ilichukua siku nne. Binti alipoteza sindano ya mama yake wa kambo, akafukuzwa asirudi bila sindano hiyo. Siku ya pili yake mfukoni nilikuwa na shilingi ya Idi niliyopewa na baba, na nje wenzangu walikuwa wananiita kwenye mpira wa chandimu, huku wakinicheka: "Bi harusi, mkeka wako bado tu?"

Nikaiweka ile shilingi juu ya jamvi. "Bibi, mie nanunua mwisho."

Dada yangu Mwanahawa akaziba mdomo. Bibi aliitazama ile shilingi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Sindano ilionekana, akarudi kwao. Haya mume wangu, kacheze."

Nikakimbia, nikafunga mabao mawili. Wao waliendelea kusuka. Siku ya nne niliwasikia kutoka barazani wakicheka, kisha wakanyamaza wote, na Mwanahawa akatoka macho mekundu. Nikamuuliza sindano ilionekana wapi.

"Si umenunua?"

Mjukuu wangu Rehema, ninayeishi naye, hutazama filamu kwenye simu huku akizisogeza mbele kwa kidole. Humtania: "Mke wangu, una haraka ya kwenda wapi?" Juzi akataka kunirekodi nikisimulia hadithi ya sindano. Anasema huko mtandaoni watu hulipia hadithi za zamani. Nikaanza vizuri, kufika siku ya pili nikaruka hadi mwisho.

"Babu, mbona na wewe umesogeza mbele?"

Nikamwambia azime simu. Alhamdulillah, Mola amenipa umri na riziki, na nimesoma vitabu vya dini tangu chuo cha Kurani, lakini jambo hili limenichanganya. Bibi aliniadhibu, au alinipa tu kiasi cha shilingi yangu? Na mikeka aliuza, hadithi hakuuza ila kwangu siku ile, sasa Rehema akiuza hadithi anakosea? Naye anajitafutia, siwezi kumwambia ni vibaya. Kila nikiswali nadhani nimeelewa, nikikunja mswala sielewi tena.

Katika wale waliosuka amebaki Mwanahawa peke yake. Yuko Bunju, maradhi yamempunguza sauti. Nikampigia simu, nikamwambia anisimulie ile sehemu ya kati, nami nitamletea chochote anachotaka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Weka hela yako, bwana mdogo. Njoo na miyaa."

Jumamosi tunakwenda, mimi na Rehema, na furushi letu la miyaa. Vidole vyangu vimekakamaa, hata kuuanza ukili nimesahau. Utotoni siku nne zilinishinda kukaa. Leo naziomba kwa dua, Mola ampe dada yangu hizo nne tu.