Farasi Aliyevishwa Mbeleko

Watu wanaoleta farasi wagonjwa kwenye boma lile hudhani lilianzishwa na wapenda farasi. Wapi! Mama Makochi, mwenye boma, alikuwa akiwaogopa farasi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Kazi yake ilikuwa kushona makochi, na mikono yake ilinuka gundi hata akioga mara mbili.

Asubuhi moja farasi jike alianguka mbele ya karakana yake, akiwa bado amefungwa kwenye mkokoteni wa matofali. Mwenye mkokoteni akamfungua, akamvuta, akamfokea, kisha akaanza kumchapa. Mama Makochi alikuwa akiangalia dirishani, mkasi mkononi. Hasira ikamshinda woga, akatoka.

"Wewe baba, unamchapa anayekufa ili iweje?"

"Kama unamwonea huruma, mchukue. Akisimama, wako. Asiposimama, jioni namleta mchinjaji."

"Nimemchukua!" Ulimi ulikuwa umeshaitangulia akili.

Daktari wa mifugo akaja, akampapasa farasi miguu yote. Mfupa haukuvunjika, ni njaa na kuchoshwa. "Lakini huyu si ng'ombe," akaonya. "Akilala sana, uzito wake mwenyewe utamuua. Lazima asimame leo leo."

Mama mkwe wa Mama Makochi, ambaye nyumba nzima ilimwita Jenerali, akashika kiuno. "Wajukuu wamejaa humu ndani, wewe unaniongezea wa kwato?"

"Mama, nishikie hii futi kwanza, utanigombeza baadaye."

Sasa sikia alichofanya. Alimpima farasi vilevile alivyolala, ubavu kwa ubavu, kama anavyopima kochi lililopinduliwa. Akashona mkanda mpana wa turubai wa kumshika tumbo. Mumewe, fundi gereji aliyeitwa Kelele kwa sababu hasemi, akaifunga winchi yake kwenye boriti ya chuma ya karakana. Wakamburuta farasi juu ya zulia hadi chini ya boriti, wakavuta mnyororo. Farasi akainuka, tumbo likashuka, turubai likateleza nyuma, na farasi akarudi chini puu!

"Kochi halina tumbo," akasema Kelele. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Mama Makochi akakaa chini kando ya kichwa cha farasi. Alijua kosa ni lake, na jua lilikuwa limeshavuka utosini. Machozi yakamlengalenga.

"Unalia nini?" Jenerali akamfokea. "Watoto wote uliowabeba, bado hujui mbeleko? Inashika makalio, ndipo unaifunga kifuani. Ukimfunga mtoto tumbo tu si atakuponyoka?"

Mama Makochi aliruka kama aliyemwagiwa maji. Akang'oa mikanda ya kochi la mteja, akapitisha mmoja kifuani mwa farasi, mwingine chini ya mkia, akaweka sponji kila palipoweza kuchubua. Cherehani ililia bila kupumzika.

"Vuteni!" Jenerali akaamrisha. "Polepole, si gunia hilo!"

Farasi akapanda. Miguu ikaning'inia, ikagusa sakafu, ikatetemeka. Kelele akaachia mnyororo kidogo kidogo, hadi mbeleko ikalegea kabisa. Farasi alikuwa amesimama kwa miguu yake! Jenerali akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mama Makochi, mwoga yule, akaikumbatia shingo ya farasi akalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyemuuliza analia nini.

Jioni mwenye mkokoteni akaja na mchinjaji. Akamkuta farasi anakula majani mikononi mwa Jenerali. Akageuka, akaondoka, na Mama Makochi akajua amekwenda na aibu zake.

Kumbe! Haukupita muda akarudi peke yake, akimvuta kwa kamba farasi mwingine, dume anayechechemea, mbavu nje.

"Mama," akasema, macho chini, "huyu bado anasimama. Mchukue kabla hajaanguka."

Mama Makochi akageuka kumtazama mama mkwe. Jenerali alikuwa ameshaipokea kamba.